Nani Aliyekaa Nyuma ya Rosa Parks?

Vijana mnaotusikiliza kwenye simu, leo nawaombeni tuzungumze habari za historia na za simu hiyo hiyo mliyoishika.

Swali langu ni hili. Je, mwanafunzi anaweza kujifunza kwa dhati historia ya watu waliopigania haki zao kwa kutengeneza video ya dakika moja, au picha yenye maelezo, akaiweka kwenye mtandao wa kijamii? Wapo walimu wanaosema huo ni mchezo. Mimi nasema anaweza, tena akajifunza kuliko yule aliyekariri tarehe za mtihani. Lakini lipo sharti moja, nalo nitalirudia sana jioni hii, mnivumilie: kila anachokionyesha akithibitishe. Picha ni ya lini? Aliipiga nani? Nani mwingine yumo ndani yake? Hayo matatu tu. Lini, nani kapiga, nani mwingine yumo.

Nimechagua historia ya Wamarekani Weusi na harakati zao za haki za kiraia katika miaka ya 1950 na 1960. Huko masomo ya namna hii yameshajaribiwa, na picha za harakati zile hutufikia hata huku kwetu kila mwaka, zikizungushwa kwenye makundi ya WhatsApp bila maelezo yoyote.

Haya, tuitazame picha moja kwa macho ya moyo, maana hii ni redio. Mama Mweusi amekaa kwenye basi, kiti cha dirishani. Amevaa kofia na koti, anatazama nje, ametulia kabisa. Kiti cha nyuma yake amekaa mwanamume Mzungu. Mama huyo ni Rosa Parks, fundi cherehani wa mji wa Montgomery, jimbo la Alabama. Wengi wetu tunajua kwamba alikataa kumpisha Mzungu kiti, akakamatwa. Sasa niambieni: picha hii ilipigwa siku gani?

Karibu kila mtu atajibu, siku ile alipokamatwa. Na huyo mwanamume aliye nyuma? Huyo ndiye aliyetaka kiti! Basi sivyo, ndugu zangu. Rosa Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955. Picha ya kwenye basi ilipigwa tarehe 21 Desemba 1956, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, siku ambayo mabasi ya Montgomery yalianza kuchukua watu wote bila kuwatenga. Ilipangwa kwa ajili ya vyombo vya habari. Na mwanamume aliyekaa nyuma yake alikuwa mwandishi wa habari, jina lake Nicholas Chriss, aliyekuwa kazini siku hiyo.

Ipo na nyingine maarufu, ile ya Rosa Parks akiwa ameshika kibao chenye namba 7053 kituo cha polisi. Nayo husambazwa kila Desemba kama picha ya usiku wa kukamatwa kwake. Nayo siyo. Ilipigwa Februari 1956, pale viongozi wa mgomo wa mabasi zaidi ya 80 walipokamatwa kwa pamoja.

Kwa nini nalikazania jambo hili? Hebu fikirini, mwanafunzi aliyeambiwa atengeneze ukurasa kuhusu Rosa Parks anaweza kuichukua picha ile, akaandika chini yake, "Mama shujaa akataa kuinuka," akapata alama za kupendwa mia mbili. Atakuwa amejifunza nini? Hajajifunza kitu, na watu mia mbili wamepotoshwa pamoja naye. Lakini mwenzake aliyelazimika kujibu lini, nani kapiga, nani mwingine yumo, atagundua kwamba kati ya kukamatwa kwa mama yule na picha ile ya basini kuna mwaka mzima na zaidi. Atauliza: mwaka huo mzima watu walikuwa wakifanya nini? Hapo ndipo historia inapoanza.

Watu walikuwa wakitembea. Kwa siku 381 Wamarekani Weusi wa Montgomery waliyasusia mabasi. Watumishi wa majumbani walikwenda kazini kwa miguu, wengine wakapakiana kwenye magari ya watu binafsi yaliyopangiwa vituo na saa. Na mgomo wenyewe ulitangazwaje, wakati hakukuwa na simu za mkononi? Usiku ule ule Rosa Parks alipokamatwa, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha watu Weusi pale mjini, aliingia chuoni na mwalimu mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakakesha kwenye mashine ya kudurufu. Kulipokucha walikuwa na makaratasi makumi ya maelfu ya kuwaomba watu wasipande basi Jumatatu. Wakayagawa shuleni, madukani, saluni, viwandani. Mnasikia vijana? Wanafunzi wawili walikuwamo usiku ule.

Na mwanafunzi wetu akiendelea kuchimba, atakutana na msichana anaitwa Claudette Colvin. Tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Rosa Parks, Claudette, mwenye umri wa miaka 15, alikataa kuinuka kwenye basi katika mji huo huo wa Montgomery. Polisi wakamburuta wakamtoa. Baadaye alieleza kwamba siku ile kichwa chake kilikuwa kimejaa habari za Harriet Tubman na Sojourner Truth, wanawake waliopinga utumwa, kwa sababu shuleni walikuwa wakisoma habari zao. Sijui kama kuna ushahidi mkubwa kuliko huo wa kazi ya mwalimu wa historia. Viongozi wa Wamarekani Weusi mjini walimwona mdogo mno kuwa sura ya mgomo, wakamngoja mtu mzima. Hata hivyo, kesi iliyouvunja ubaguzi ndani ya mabasi ya Montgomery ilifunguliwa na wanawake wanne, na Claudette alikuwa mmoja wao, pamoja na Aurelia Browder, Susie McDonald na Mary Louise Smith. Rosa Parks hakuwa miongoni mwa hao wanne. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubaliana nao Novemba 1956. Na rekodi ya Claudette ya kukamatwa utotoni ilifutwa na jaji mwaka 2021, akiwa bibi wa miaka 82.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyeanza na picha ya mtu mmoja amefika kwa watu wengi. Mradi wa mtandaoni ukifanywa vizuri unatufikisha hapo. Vitabu vingi vya shule vina nafasi ya shujaa mmoja au wawili. Darasa la wanafunzi arobaini lina nafasi ya mashujaa arobaini, kila mmoja akipewa wake wa kumfuatilia.

Na hiyo arobaini sikuitaja bure. Mwezi Mei 2011, wanafunzi 40 wa vyuo vya Marekani walipanda basi pale Washington, wakasafiri siku kumi hivi kuelekea New Orleans, huku wakiandika na kurusha habari za safari yao mitandaoni. Safari hiyo iliandaliwa na kipindi cha historia cha televisheni ya umma ya kule, kuadhimisha miaka 50 ya safari nyingine. Na humo basini walikuwamo baadhi ya wale wale waliosafiri mara ya kwanza, sasa wazee wenye mvi.

Safari ya kwanza ilikuwaje? Hapa naomba tukae kidogo, maana bila kuijua hii ya kwanza, ile ya pili haina maana.

Desemba 1960 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba ni kosa kuwatenga abiria Weusi kwenye vituo vya mabasi yanayovuka majimbo. Majimbo ya kusini yakaipuuza hukumu hiyo, na serikali kuu ikatazama pembeni. Basi tarehe 4 Mei 1961 watu 13, Weusi na Wazungu pamoja, walitoka Washington kwa mabasi ya kawaida ya abiria ili waijaribu sheria. Waliitwa Wasafiri wa Uhuru. Walikaa pamoja, wakaingia pamoja kwenye vyumba vya kungojea vilivyoandikwa Wazungu tu. Tarehe 14 Mei, nje kidogo ya mji wa Anniston, Alabama, kundi la watu lililikimbiza basi moja lililokwisha kutobolewa matairi, likalichoma moto abiria wakiwa ndani. Waliponea chupuchupu, na walipotoka wakapigwa. Basi la pili lilifika Birmingham, wakakuta watu wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, wanawangoja kituoni, na polisi hawaonekani, kwa sababu mkuu wao alikuwa amewapa wahalifu dakika 15 za kufanya watakalo.

Kundi la kwanza halikuweza kuendelea. Nani aliyeendelea? Wanafunzi! Kule Nashville, Tennessee, kijana Diane Nash na wenzake walisema safari ikikomeshwa kwa vipigo na moto, basi kila harakati itakomeshwa hivyo hivyo. Wakaunda kundi jingine. Baadhi yao waliandika wosia kabla ya kuondoka, na walikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Tarehe 20 Mei walifika kituo cha Montgomery. Mnajua waliopigwa kwanza pale kituoni? Waandishi wa habari na wapiga picha. Kamera zilivunjwa kwanza, ndipo watu wakavunjwa. Waliofanya maovu yale walijua vizuri thamani ya picha, na mwanafunzi anayeona kupiga picha ni jambo la kujifurahisha tu ningependa alijue hilo.

Kiangazi kile wasafiri zaidi ya 300 walikamatwa katika mji wa Jackson, Mississippi, wengi wakapelekwa gereza la Parchman. Kila mmoja alipigwa picha ya polisi: uso mbele, uso pembeni, namba kifuani. Serikali ya jimbo ilizitunza picha hizo katika mafaili ya kuwapeleleza wanaharakati, na mwaka 1998 mafaili yakafunguliwa kwa umma. Hebu ziwazieni picha hizo: vijana wa chuo, wachungaji, wengine wanatabasamu kidogo mbele ya kamera ya polisi. Mwalimu akitaka kazi ya darasa, hiyo hapo. Mwanafunzi mmoja, uso mmoja. Alikuwa nani? Alitoka wapi? Alikamatwa siku gani? Baada ya hapo aliishi maisha gani? Na mwisho wa yote serikali kuu iliweka kanuni iliyoanza tarehe 1 Novemba 1961, vibao vya Wazungu tu vikang'olewa vituoni.

Sasa wale wanafunzi 40 wa mwaka 2011 walichokipata ni kitu ambacho video pekee haiwezi kukitoa. Walikaa kiti kimoja na shahidi. Ukiandika mtandaoni kuhusu Anniston huku mzee aliyekuwa katika safari zile za 1961 amekaa kando yako, utachunga kila neno. Ndiyo maana nasema mtandao wa kijamii ni mahali pa kupelekea kazi. Kazi yenyewe hufanyika nje ya mtandao: kwa wazee, kwenye magazeti ya zamani, kwenye majalada ya mahakama. Mwanafunzi aanze huko, kisha ndipo aje kwenye simu.

Wasikilizaji, nisiwe mtu wa kusifu tu. Kuna hatari, na mbili kati yake ni nzito.

Ya kwanza ni kuigiza mateso. Mwaka 2020 vijana wa nchi mbalimbali walijirekodi kwenye TikTok wakijifanya Wayahudi waliouawa na Wanazi, wengine wamejipaka rangi za majeraha. Makumbusho ya Auschwitz kule Poland yalisema jambo hilo linaweza kuumiza na kudhalilisha, japo yakaomba vijana hao waelimishwe wasishambuliwe. Nakubaliana na makumbusho kwa yote mawili. Kijana wa leo asiseme "mimi ni Rosa Parks" mbele ya kamera. Aseme, "Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, nimetafuta habari za Rosa Parks, na haya ndiyo niliyoyathibitisha." Sauti hiyo ni ya kweli, na msikilizaji anaiamini. Tena haimlazimishi mtoto mwingine darasani kuigiza dereva mbaguzi, jambo linaloweza kumwachia kidonda.

Ya pili ni picha za maiti na damu. Agosti 1955, kule Mississippi, Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, alitekwa na kuuawa kikatili kwa kudaiwa kumkosea adabu mwanamke wa Kizungu. Mama yake, Mamie Till, aliamua jeneza la mwanawe lisifungwe, watu wauone uso ule ulioharibiwa, na jarida la Jet likaichapisha picha. Uamuzi ule uliwaamsha maelfu. Lakini ulikuwa uamuzi wa mama. Aliufanya akijua anafanya nini, kwa msiba wake mwenyewe. Je, mwanafunzi ana ruhusa hiyo hiyo ya kuitupa picha ile kati ya video ya muziki na tangazo la sabuni? Mimi nasema hapana. Asimulie uamuzi wa mama, ataje jina la mtoto, aonyeshe picha aliyopigwa Emmett akiwa hai, amevaa shati na tai. Inatosha, na inaumiza ipasavyo.

Lipo pia suala la matusi kwenye maoni. Mwalimu asome kila kazi kabla haijatoka, ukurasa uwe wa shule, na jina kamili la mwanafunzi lisitajwe. Na si maoni tu: kule Marekani ubishi kuhusu masomo haya umefika hadi kwenye mabunge ya majimbo. Tangu 2021 majimbo kadhaa yamepitisha sheria za kubana namna walimu wanavyofundisha habari za ubaguzi wa rangi. Kwa hiyo darasa linaloonyesha ushahidi wake waziwazi, lini, nani kapiga, nani mwingine yumo, linajilinda pia.

Sasa najua kuna mwalimu anayeniuliza: ndugu mtangazaji, shuleni kwetu simu haziruhusiwi, wanafunzi wanalala bweni, mtandao nautoa wapi? Swali zuri. Katika kiangazi cha 1964 wanaharakati walifungua Shule za Uhuru zaidi ya 40 kule Mississippi, makanisani, majumbani, hata chini ya miti. Walikuja wanafunzi zaidi ya 2,000. Na moja ya mambo waliyoyafanya watoto wale, baadhi yao wakitoka kwenye mashamba ya pamba, ni kutoa magazeti yao wenyewe. Waliandika kuhusu miji yao, kuhusu mapambano ya haki ya kupiga kura, kuhusu walichokiona kwa macho yao, wakayadurufu na kuyagawa. Gazeti la ukutani kwenye korido ya shule yako linaweza kufanya kazi ile ile. Karatasi, kalamu, na maswali yetu matatu. Likizo ikifika, wenye simu watayapeleka mtandaoni.

Na msidhani habari hizi ni za mbali kabisa na sisi. Mwezi ule ule Kenya ilipopata uhuru, Desemba 1963, mmoja wa viongozi wake, Oginga Odinga, alifika Atlanta, Marekani. Vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi wa harakati, walikwenda kumwona hotelini, wakatoka hapo wakaingia mgahawa wa jirani, wakanyimwa huduma kwa sababu ya rangi. Waligoma kuondoka, wakakamatwa, na wimbo ukatungwa wenye jina la Odinga. Mwaka uliofuata John Lewis wa chama hicho alikutana na Malcolm X, mwanaharakati maarufu wa Wamarekani Weusi, jijini Nairobi.

Lakini anayenigusa zaidi ni Bob Moses. Huyu ndiye aliyeongoza kazi ya Mississippi mwaka 1964, pamoja na mpango uliozaa zile Shule za Uhuru. Alipigwa, alifungwa, aliwazika wenzake. Mwaka 1969 alikuja Tanzania na mkewe, na hadi katikati ya miaka ya 1970 alikuwa mwalimu wa hisabati Same, mkoani Kilimanjaro. Ndiyo, Same hii hii ya milima ya Upare. Kisha alirudi Marekani, akaanzisha mpango wa kuwafundisha aljebra watoto wa maskini, akisema hesabu nayo ni haki ya raia. Alifariki mwaka 2021.

Fikirini mradi wa wanafunzi wa Same kuhusu mwalimu huyo! Alifundisha darasa lipi? Aliwaeleza wanafunzi wake lolote kuhusu Mississippi, au alinyamaza? Kuna picha ya pamoja ya walimu wa miaka ile, imehifadhiwa kwenye sanduku la mtu fulani?

Basi ombi langu la jioni hii nalielekeza kwenu mliosoma Same miaka ile, ambao sasa ni wastaafu, babu na bibi wenye wajukuu. Kama mlifundishwa na mwalimu Moses, mwiteni mjukuu aje na simu yake, akae karibu, arekodi. Mwambieni mwaka, mwambieni nani alikuwa darasani, mwonyesheni picha kama ipo, na mwambieni aliipiga nani. Na walimu wa historia mlio Same na Upare yote, nendeni mkawatafute wazee hao kabla muhula huu haujaisha.